Shahada ya Kiingereza na Njia za Kazi: Mambo ya Kupanga Kabla na Baada ya Kuhitimu

Kila mwaka, mahafali ya vyuo vikuu yanapomalizika, ofisi za watendaji wa kata hupokea vijana wanaoomba barua za utambulisho na kuulizia nafasi za kazi. Miongoni mwao wamo waliosomea lugha ya Kiingereza, isimu au fasihi. Wengi wao huja na swali moja: mtu aliyesoma lugha anaweza kufanya kazi gani? Wazazi nao huuliza vivyo hivyo, na wana haki ya kuuliza, kwa kuwa sehemu ya gharama za masomo imetoka katika mazao na mifugo yao, na sehemu nyingine imetoka katika mkopo ambao mhitimu atawajibika kuurejesha.

Makala haya yanaeleza njia ambazo wahitimu wa Kiingereza huzikusudia, masharti ya kila njia, na huduma za halmashauri zinazoweza kuwasaidia. Jambo la kuzingatia tangu mwanzo ni kwamba shahada ya lugha haimfungi mhitimu katika kazi moja kama ifanyavyo shahada ya udaktari au ya uhandisi. Faida yake ni kwamba milango ni mingi. Tatizo lake ni kwamba karibu kila mlango hudai ujuzi wa pili juu ya lugha yenyewe, na kijana anayeligundua hilo baada ya kuhitimu huweza kupoteza miaka miwili au mitatu akisubiri nafasi ambayo hana sifa nayo.

Shahada zinazofanana kwa jina

Mkanganyiko mkubwa zaidi uko katika aina ya shahada. Wako wanaosoma Shahada ya Sanaa na Ualimu, Kiingereza kikiwa mojawapo ya masomo yao ya kufundishia. Hawa hujifunza lugha pamoja na saikolojia ya elimu, mbinu za ufundishaji na upimaji, kisha hupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Wako pia wanaosoma Shahada ya Sanaa katika lugha, isimu au fasihi bila ualimu. Hawa huenda wakaijua lugha kwa undani kuliko wenzao, lakini hawakufundishwa kazi ya ualimu.

Mbele ya mwajiri, tofauti hiyo ni kubwa. Sheria ya Elimu, Sura ya 353, inataka anayefundisha shuleni awe amesajiliwa au amepewa leseni ya kufundisha. Tangazo la kazi linapotaja shahada ya ualimu, mwenye shahada ya sanaa pekee huondolewa katika hatua ya kwanza, hata kama alama zake ni za juu.

Kasoro hiyo ina dawa. Mhitimu asiye na ualimu anaweza kusoma Stashahada ya Uzamili ya Elimu, ambayo ni kozi fupi kuliko shahada na hutolewa na vyuo kadhaa, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani, hivyo anayeishi wilayani anaweza kusoma huku akiendelea na kilimo au biashara yake. Kabla ya kulipa ada, mhitimu ahakikishe kwamba kozi hiyo inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Ualimu: mahitaji na ushindani

Mahitaji ya walimu wa Kiingereza ni ya kweli. Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za sekondari, na mtoto asiyeimudu hupata shida katika Biolojia na Jiografia sawasawa na katika somo la Kiingereza lenyewe. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umelishusha somo hilo hadi darasa la kwanza, ilhali zamani shule za msingi za Serikali zilianza kulifundisha darasa la tatu. Kwa utaratibu huo huo, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, hivyo mwaka 2027 wanafunzi wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza pamoja, na makundi hayo mawili yanatarajiwa kuingia kidato cha kwanza mwaka 2028.

Hata hivyo, uhitaji wa walimu ni jambo moja, na idadi ya nafasi zilizotengewa mishahara ni jambo jingine. Katika usaili wa walimu ulioendeshwa mwanzoni mwa mwaka 2025 na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, waombaji walizidi 200,000 ilhali nafasi hazikufika 15,000. Mhitimu anayeutegemea ualimu wa Serikali peke yake anaingia katika foleni ndefu. Busara ni kuomba kila nafasi inapotangazwa na wakati huo huo kujenga njia ya pili.

Mambo mawili humsaidia mwombaji wa ualimu. La kwanza ni somo la pili la kufundishia. Mwalimu wa sekondari kwa kawaida huandaliwa kufundisha masomo mawili, na mkuu wa shule hupenda kujua kama mwalimu wa Kiingereza anaweza pia kufundisha Kiswahili, Historia au Jiografia. La pili ni uzoefu. Shule zenye upungufu hupokea walimu wa kujitolea, na shule binafsi huajiri kwa utaratibu wao. Anayejitolea apitie kwa mkuu wa shule na Idara ya Elimu, apewe barua inayotaja muda na majukumu yake, na anapoondoka aombe barua ya kuthibitisha kazi aliyoifanya. Uzoefu usioandikwa ni vigumu kuuthibitisha mbele ya msaili.

Tafsiri na ukalimani

Njia ya pili inayotajwa sana na wahitimu ni tafsiri. Kazi hii imepanuka. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini, na kwa kuwa sheria nyingi zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza, kazi ya kuzitafsiri ni kubwa. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika uliidhinisha Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake za kazi. Arusha yapo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, taasisi zinazohitaji wafasiri na wakalimani. Katika fasihi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa mwaka 2022 kwa jina la Peponi.

Hapa ndipo wahitimu wengi wa Kiingereza hukwama, na sababu yake huwashangaza: Kiswahili chao hakitoshi. Mfasiri huandika katika lugha anayotafsiria. Anayetafsiri mkataba wa mkopo kutoka Kiingereza anapaswa kuitofautisha kwa uhakika nafasi ya mkopaji na ya mdhamini, na kujua maana ya kuweka rehani. Neno moja likikosewa, mkulima anaweza kutia sahihi akidhani anamdhamini jirani kwa maneno tu, kumbe shamba lake limekuwa dhamana. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiingereza anayekusudia kazi hii asome Kiswahili sanifu kwa bidii ile ile, na achague uwanja mmoja wa kuujua vizuri, kama vile sheria, afya au kilimo.

Baraza la Kiswahili la Taifa hutoa huduma za tafsiri na ithibati ya tafsiri, na huendesha mafunzo kwa wataalamu wa lugha. Mhitimu anayetaka kufanya tafsiri za nyaraka rasmi, au kufundisha Kiswahili kwa wageni, aanzie huko ili ajue masharti ya kutambuliwa. Programu za kompyuta zinazotafsiri zimepunguza thamani ya kazi nyepesi, lakini makosa yake yanahitaji mtu wa kuyaona, na mtu huyo ni yule anayezijua lugha zote mbili.

Utalii, maktaba na uandishi

Katika utalii, Kiingereza ni sharti la mwanzo tu. Mwongoza watalii anatakiwa kuwa na leseni, na anapaswa kujua wanyama, mimea, historia ya mahali na huduma ya kwanza. Mafunzo hutolewa na Chuo cha Taifa cha Utalii na vyuo vingine vinavyotambuliwa. Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963, huandaa wataalamu wa uhifadhi na utalii wa wanyamapori.

Kazi ya ukutubi humfaa mhitimu anayependa vitabu na mpangilio. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina chuo chake Bagamoyo kinachofundisha ukutubi na utunzaji wa nyaraka. Wachapishaji nao huhitaji wahariri na wasomaji wa miswada, hasa wakati mtaala unapobadilika na vitabu vipya kuandaliwa.

Anayetaka kuwa mwandishi wa habari akumbuke kwamba Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 imeweka utaratibu wa ithibati kwa wanahabari. Kujua kuandika vizuri ni mtaji, lakini mhitimu aulizie mapema kama sifa zake zinakubalika au kama atahitaji stashahada ya uandishi wa habari.

Kujiajiri kwa kikundi

Wapo wahitimu wanaopanga kujiajiri. Huduma zinazowezekana wilayani ni pamoja na madarasa ya jioni ya Kiingereza kwa wafanyabiashara na madereva wa watalii, pamoja na tafsiri, uchapaji na uhariri wa nyaraka. Mtaji wa shughuli hizi si mkubwa, lakini hata kompyuta moja na printa ni gharama kwa kijana ambaye hajaanza kupata kipato.

Kwa mujibu wa sheria, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Wahitimu wanaostahili wanaweza kuunda kikundi, kukisajili, kufungua akaunti ya benki na kuandika andiko la mradi. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata hutoa maelekezo ya hatua hizi bila malipo. Inafaa kusisitiza kwamba fedha hizi ni mkopo na si ruzuku. Kikundi kisichorejesha hukinyima kikundi kingine nafasi yake. Kabla ya kuanza, kikundi kimwone pia Afisa Biashara kuhusu leseni, na kama kinakusudia kufungua kituo cha masomo, kiulize Idara ya Elimu kuhusu usajili.

Nyaraka na tahadhari

Mhitimu aandae mapema Kitambulisho cha Taifa au namba yake, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha shahada, hati ya matokeo ya chuo na nakala zilizothibitishwa kisheria. Ahakikishe majina yake yanafanana katika nyaraka zote. Jina lililoandikwa kwa herufi tofauti katika cheti kimoja linaweza kumkwamisha mwombaji, na marekebisho yake huchukua muda kuliko siku za tangazo.

Maombi ya kazi za Serikali hupitia mfumo wa kielektroniki wa Sekretarieti ya Ajira, na kuomba hakulipiwi. Mtu yeyote anayedai fedha ili akupatie nafasi, awe ndani au nje ya ofisi ya umma, aripotiwe TAKUKURU kwa simu ya bure 113.

Aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu akumbuke kwamba akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hukatwa kila mwezi. Aliyejiajiri naye anawajibika kurejesha, hivyo awasiliane na Bodi badala ya kukaa kimya hadi deni limfuate.

Kwa walio bado shuleni

Wanafunzi wa kidato cha sita wenye tahasusi za lugha, pamoja na wazazi wao, wana nafasi ambayo mhitimu hanayo tena, yaani kuchagua kabla ya kulipa. Wasome mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, na kwa kila kozi wajiulize: je, kozi hii ina ualimu ndani yake? Somo la pili ni lipi? Kama haina ualimu, ni ujuzi gani mwingine utakaosomwa katika likizo za miaka mitatu? Kijana anayeweza kuyajibu maswali hayo katika mwaka wa kwanza atakuwa na majibu mezani atakapofika kwa msaili.

Wahitimu na wazazi wenye maswali wanakaribishwa kuanza katika ofisi ya Mtendaji wa Kata, ambaye atawaelekeza kwa Idara ya Elimu, Maendeleo ya Jamii au Utumishi kulingana na haja yao. Anayekuja aje na vyeti vyake vyote, ili aelezwe kwa uhakika njia zipi ziko wazi kwake leo na zipi zinahitaji masomo zaidi.