Mbwa Mgonjwa Katika Nyumba ya Waislamu

Sisi watu wa pwani tuna maneno mengi juu ya mbwa, na machache kati yake ndiyo ya heri. Mtoto akikosa adabu huambiwa ana tabia za mbwa, na mtu akidharauliwa hulalamika kuwa amefanywa mbwa. Tangu chuoni, tulipokuwa tukikalia mkeka mbele ya mwalimu, tulifundishwa namna ya kukiosha chombo kilichorambwa na mbwa: mara saba, mojawapo kwa udongo. Mafundisho hayo ni ya haki katika madhehebu yetu ya Shafi, wala sikushika kalamu ili kuyapinga. Ninalotaka kulizungumza leo ni jambo jingine ambalo chuoni hatukulifikia. Mbwa huyo akishikwa na maradhi makubwa, nasi ndio wenyewe, yatupasa nini?

Swali hili nililikuta Kisumu. Dada yangu mkubwa aliolewa huko yapata miaka arobaini iliyopita, na tangu kufiwa na mumewe anakaa upande wa Dunga, karibu na ufuo ambapo wanawake huanika omena juu ya nyavu. Ana mbuzi wachache na bustani ya sukuma wiki, na usiku viboko hutoka ziwani wakaja kulisha katika mashamba ya watu. Mwenye kumwarifu kwamba kiboko yuko bustanini, au kwamba mwizi yuko zizini, ni mbwa wake aitwaye Simba, mbwa wa kienyeji, wa rangi ya kahawia, mwenye sikio moja lililopasuka. Simba hulala nje, ana chombo chake, na haingii ndani anaposwali mtu. Sheria ya dada yangu juu ya mambo hayo ni kali kuliko ya kadhi.

Mwaka juzi nilipokwenda kumtazama nilimkuta amekunja uso. Simba alikuwa akidondosha damu chini ya tumbo kwa muda wa majuma matatu, na kujilamba kutwa. Kwanza walidhani amejeruhiwa na waya. Kisha pakaonekana kinyama kimeota, chekundu, chenye vinundu vinundu, kikiguswa kidogo tu kinatoka damu. Jirani mmoja, mvuvi mtu mzima, akaniambia kwa upole, "Jaduong', guok en guok," yaani mzee, mbwa ni mbwa. Alikuwa tayari kutusaidia kummaliza. Kwa upande mwingine, baadhi ya jamaa zetu walimwambia dada kuwa hii ndiyo nafasi ya kuitakasa nyumba yake. Mjukuu wake wa miaka kumi na mmoja, aliyemlea Simba tangu akiwa kitoto, aliyasikia yote hayo. Usiku huo hakula.

"Mdogo wangu," dada akaniambia, "wewe ndiye msomi. Mpeleke kwa daktari, na akisema hapana dawa, basi. Lakini asife kwa kuwa hatukuuliza."

MARADHI GANI HAYA?

Daktari wa mifugo tuliyempata ni kijana ambaye kazi yake kubwa ni ng'ombe na kuku. Swali lake la kwanza lilikuwa juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Dada alikuwa na cheti, na daktari akashukuru, maana karibu watu wote wafao kwa kichaa cha mbwa duniani huambukizwa na mbwa, na serikali ya Kenya tangu 2014 ina mpango wa kuyatokomeza maradhi hayo ifikapo 2030. Kisha akavaa glavu, akagandamiza kigae cha kioo juu ya kile kinyama, akakitia rangi na kukitazama kwa hadubini. Hakukawia kutamka neno lenyewe. Ni saratani.

Nami nilidhani hapo mazungumzo yamekwisha. Kumbe saratani hii ni ya namna ya peke yake. Saratani tuzijuazo huzaliwa katika mwili wa mgonjwa mwenyewe, na hufa pamoja naye. Hii huhama. Chembe zake hai hutoka kwa mbwa mmoja zikapandikizwa kwa mwingine wanapojamiiana, na pengine kwa kunusana na kulambana, kisha zikaota huko kama jani la mhogo lililochomekwa shina lake katika shamba la jirani. Mnamo 1876 tabibu wa wanyama wa Kirusi, Novinsky, alithibitisha kwamba uvimbe wa mbwa waweza kuhamishwa hivyo. Mnamo 2006 wataalamu wa London wakayakinisha kwamba chembe hizo si za mbwa mgonjwa hata kidogo, bali zina asili ya mnyama mmoja wa kale. Uchunguzi uliotolewa 2019 na wataalamu wa Cambridge na wenzao ulikadiria kuwa mbwa huyo wa kwanza aliishi Asia baina ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita. Mwenyewe amekwisha kuwa udongo, na uvimbe wake ungali unatembea vichochoroni mwetu.

Daktari akatutuliza kwamba binadamu hashikwi na maradhi hayo. Lakini mbwa wa mtaa mzima wako hatarini maadamu mmoja wao anazurura nayo. Kisha akasema neno ambalo mjukuu wa dada alilidaka kabla sijalielewa: saratani hii, katika zote, ni miongoni mwa zile zenye kutibika sana. Hakuna haja ya kisu. Ni sindano moja kwa juma, kwa majuma manne, matano au sita, na walio wengi hupona kabisa. Dawa yenyewe huitwa vinkristini.

UA LA BUKINI

Hapa nataka wasomaji wa pwani wanisikilize vizuri, kwa sababu dawa hiyo imetoka mlangoni kwetu. Mnakijua kile kimmea kinachoota nyuani na makaburini, hata mchangani pasipo na rutuba, chenye maua ya waridi au meupe ya majani matano, na katikati kijicho kama cha kuku. Asili yake ni Bukini, ambayo siku hizi twaiita Madagaska. Watu wa visiwa vingi waliyachemsha majani yake kwa kutibu kisukari. Katika miaka ya 1950 majani hayo yalitoka Jamaica yakafika Kanada, mikononi mwa wataalamu Noble na Beer. Hawakuona kwamba yanapunguza sukari, ila waliona yanapunguza chembe nyeupe za damu. Hapo ndipo njia ya kuitibu saratani ya damu ilipofunguka. Vinkristini ilipatikana katika mmea huo huo, na Marekani ikaruhusu itumiwe mnamo 1963.

Ni dawa kali. Yapaswa kuingia ndani ya mshipa barabara, kwani ikivuja nje kidogo tu huunguza nyama. Kabla ya kila sindano daktari alitoa damu akahesabu chembe nyeupe, maana zikipungua mno mgonjwa huweza kufa kwa kijidudu kisicho na maana. Bei ya sindano moja pamoja na kupima damu ilikuwa sawa na bei ya kuku watatu wa kienyeji. Dada aliuza mbuzi mmoja.

Mimi nilibaki Kisumu mpaka kazi ikaisha, na kazi yenyewe iligawanywa hivi. Mjukuu alimshika Simba kichwa na kumzungumzisha. Mimi niliishika miguu. Dada alipika uji wa omena, kwa kuwa siku ya pili baada ya sindano Simba alitapika na kukataa ugali. Daktari alituamrisha tuvae glavu kwa siku kadhaa kila tunaposafisha choo chake, kwani dawa hutoka nacho, tena watoto wasikaribie. Dada alicheka. Akasema sheikh wake alimwambia anawe kwa sababu ya mbwa, na daktari amemwambia anawe kwa sababu ya dawa, basi ananawa kwa niaba ya wote wawili.

Baada ya sindano ya pili damu ilikatika. Baada ya ya tatu chembe nyeupe zilishuka, na daktari akatuambia tungoje juma zima. Juma hilo lilikuwa refu. Simba alilala kivulini mwa mwembe bila ya kuinua kichwa hata mbuzi walipompita juu, na kijana akawa anaamka usiku kwenda kumsikiliza kama anapumua.

WATOTO WA HOSPITALI

Katika juma hilo mtoto aliniuliza, "Babu, dawa hii watu nao hupewa?"

Nilimjibu kuwa hupewa, tena hapa hapa Kisumu. Katika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee wa mji bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Warusi ikafunguliwa 1969, watoto wenye uvimbe wa taya au wa tumbo hutibiwa kwa dawa kadhaa, na vinkristini ni mojawapo. Maradhi yao yana jina la Burkitt, mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mnamo 1957 aliletewa mtoto aliyevimba taya, mwaka uliofuata akaandika habari zake, na mnamo 1961 akashika njia kwa gari pamoja na wenzake wawili, hospitali baada ya hospitali, akitafuta mahali yalipo maradhi hayo. Aliyaona yakifuata nchi za joto na mvua zenye malaria nyingi, na mwambao wa ziwa letu hili ni mojawapo. Mtoto akitibiwa mapema huweza kupona. Akicheleweshwa nyumbani kwa kudhaniwa ni jino, mambo huwa mazito.

Kijana akanyamaza, kisha akauliza lile ambalo watu wazima walikuwa wakilinong'ona: kama watoto ni wagonjwa, je, ni haki mbwa apewe dawa yao?

Hilo ndilo swali zito katika kisa hiki, na sikupenda kulipita kwa mzaha. Daktari alininunulia dawa dukani kwa pesa zetu, na hapana mtoto aliyenyang'anywa. Hata hivyo pesa ni pesa, na mwenye mbuzi angeweza kuiuza kwa jambo jingine. Dada yangu, ambaye hakusoma zaidi ya juzuu na hesabu za sokoni Kibuye, alilijibu kwa njia yake. Kila juma alilomlipia Simba alifunga katika leso kiasi hicho hicho, na sindano zilipokwisha akazipeleka fedha zile kwa mama mmoja wa kijijini aliyekuwa akimuuguza mwanawe hospitalini hapo na hana nauli. Akaniambia, "Sadaka haipungui kwa kuwa na mbili."

WASEMAVYO WANAVYUONI

Mimi si mufti, lakini yaliyoandikwa yameandikwa. Qurani imemtaja mbwa wa Watu wa Pangoni akiwa pamoja nao mlangoni, na imeruhusu mawindo ya mbwa waliofunzwa. Hadithi zinazokataza kufuga mbwa bure zimewatoa mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa shamba. Na kuhusu unajisi wenyewe maimamu wamehitilafiana: Malik amemhesabu mbwa aliye hai kuwa tohara, wa Hanafi wanashika mate yake, nasi wa Shafi tumechukua lililo zito zaidi. Lakini uzito huo ni wa kuosha. Hakuna imamu aliyesema kuwa kilicho najisi hakiumwi.

Wote twakijua kisa cha mwanamke mwenye dhambi aliyemwona mbwa akifa kwa kiu, akateka maji kwa kiatu chake akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Masahaba walipouliza kama kuna thawabu kwa wanyama, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwafahamisha kuwa ipo kwa kila kiumbe kilicho hai. Tena mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu, Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki Misri mwaka 1262, aliandika katika kuzitaja haki za wanyama kwamba mwenye mnyama humlazimu kumpa matumizi yake hata akizeeka au akiugua na kutokuwa na faida tena. Yeye alikuwa Shafi kama sisi.

ALIPOFIKIA SIMBA

Sindano zilikuwa tano. Baada ya ya nne kile kinyama kilikuwa kimenywea kama tunda lililokauka, na baada ya ya tano daktari hakuona kitu, wala kwa jicho wala kwa hadubini. Baadaye alimhasi ili asiyapate tena wala asiyaeneze. Simba amezeeka sasa, na kuna siku anamwona kiboko akaamua kunyamaza. Yule mvuvi aliyesema mbwa ni mbwa alimleta jike lake mwenyewe kwa daktari huyo huyo, likiwa na maradhi hayo hayo, na dada ndiye aliyemwelekeza njia.

Ndugu wasomaji, mwenye mbwa wa kulinda na akaona damu isiyokatika, au kinyama puani au sehemu za uzazi, asikimbilie rungu wala sumu. Amwone daktari wa mifugo, amfungie mnyama ndani ya ua, na amchanje kichaa. Na mwenye mtoto aliyevimba taya asingoje hata juma moja. Haya mawili hayashindani. Nami nimeyafunga kwa ubeti huu, kama ilivyo ada ya ukurasa:

Alompa mbwa maji, kiatuni kayateka,
Kwa rehema za Mpaji, dhambize zikafutika,
Sembuse mlinda mji, maradhi yakimfika,
Tusimwache mhitaji, kutibu nako sadaka.