Tasnifu Hukwamia Wapi?

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika chuo kikuu kikubwa cha umma ni nadra kushindwa darasani. Mihadhara anahudhuria, kazi za vikundi anafanya, mitihani ya mwaka wa kwanza anafaulu, tena wengi hupata alama nzuri kuliko walizopata shahada ya kwanza. Kisha mihadhara inakwisha, anaambiwa sasa akaandike tasnifu, na hapo ndipo tunapompoteza. Programu iliyopangwa kwa miezi 18 au 24 inaingia mwaka wa nne. Uzamivu wa miaka mitatu unafika wa saba. Ukiwauliza nduguze watakwambia bado anasoma. Ukimuuliza mwenyewe, atabadilisha mazungumzo.

Maelezo tuliyoyazoea ni kwamba mwanafunzi wa namna hiyo ni mvivu, au uwezo wake umefika mwisho. Nimekaa muda mrefu kwenye kamati za masomo ya juu, nikisimamia na kutahini, na maelezo hayo siyakubali. Barbara Lovitts, mtafiti wa Marekani, alichapisha mwaka 2001 kitabu kuhusu watu walioacha masomo ya uzamivu nchini mwake. Alichokikuta ni kwamba walioacha hawakuwa dhaifu kitaaluma kuliko waliomaliza. Walitofautiana katika mazingira: nani alipata mtu wa kumweleza kinachotakiwa, nani alifanywa mwenyeji wa idara na nani aliachwa mlangoni. Tena wengi walioondoka walijilaumu wenyewe, wakaondoka kimya, na kwa kuwa waliondoka kimya idara zao hazikujifunza lolote. Sijasoma maelezo yanayofanana zaidi na ninayoyaona Dar es Salaam, Nairobi na Kampala.

Hebu tuangalie kinachobadilika. Mwaka wa masomo ya darasani unashikwa na watu wengi: ratiba ya idara, tarehe za kukusanya kazi, wenzako wanaokupigia simu kuuliza mbona hukuja. Ukiingia kwenye tasnifu, yote hayo yanaondolewa kwa siku moja, na safari nzima inawekwa kwenye uhusiano wa watu wawili, mwanafunzi na msimamizi wake. Uhusiano huo ukiwa mzuri, kazi inakwenda. Ukilegea, hakuna mwingine wa kuona kwamba umelegea.

Utaratibu huu tuliurithi kutoka Uingereza, nao ulifaa pale msimamizi alipokuwa na wanafunzi wa kuhesabika kwa vidole. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la Mtaa wa Lumumba kikiwa na kitivo kimoja, cha sheria. Kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London, baadaye sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Leo ni taasisi yenye wanafunzi kwa makumi ya maelfu. Makerere nayo ilifungua milango kwa wanaojilipia ada tangu miaka ya 1990, na Mahmood Mamdani aliyaeleza mageuzi hayo na gharama zake katika kitabu alichokitoa mwaka 2007. Idadi ya wanafunzi imekua, programu za jioni zimeongezwa, lakini namna ya kumsimamia mtu anayeandika tasnifu imebaki ileile ya mtu na mwalimu wake chumbani.

Mwanafunzi naye amebadilika. Anayesoma uzamili leo mara nyingi ni mtu mzima mwenye kazi na familia: mwalimu wa sekondari, muuguzi, afisa wa halmashauri. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu huwaendea zaidi wanafunzi wa shahada ya kwanza, kwa hiyo yeye hulipa ada kwa mshahara, kwa awamu, na awamu ikichelewa hasajiliwi. Mwajiri akimpa ruhusa ya masomo, ruhusa hiyo ina tarehe ya mwisho. Fikiria mwalimu aliyetoka Sumbawanga na barua ya miaka miwili. Miaka miwili inaisha akiwa sura ya tatu. Anarudi kituoni, vipindi 28 kwa wiki vinamsubiri, na maktaba iko umbali wa zaidi ya kilomita elfu. Tangu siku hiyo tasnifu inaandikwa usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Kumwita huyu mvivu ni dhuluma.

Kabla ya hapo alikuwa ameshapita kwenye vibali. Mtafiti anayekwenda, tuseme, kuhoji wazazi wa kijiji kimoja huko Mtwara hubeba barua ya chuo hadi kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Pale anaandikiwa nyingine ya kwenda kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha kwa Mtendaji wa Kata, ndipo afike kwa Mtendaji wa Kijiji. Kila ofisi ina muhuri wake na siku zake. Kenya kuna leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na hodi za ofisi za kaunti. Utafiti wa afya una kamati zake za maadili juu ya hayo. Sipingi vibali, kwa sababu wananchi wana haki ya kulindwa dhidi ya watu wanaokuja kuwachukulia habari zao. Ninachopinga ni chuo kumwacha mwanafunzi azigundue hatua hizi mwenyewe akiwa tayari njiani, nauli imekwisha na nyumba ya wageni inadai.

Sasa turudi kwenye ule uhusiano wa watu wawili, maana kiini cha tatizo kiko hapo. Niliwahi kuletewa sura ya pili ya mwanafunzi aliyehamishiwa kwangu baada ya msimamizi wake wa kwanza kustaafu. Kurasa 46. Katika kurasa zote hizo kulikuwa na maneno matatu ya kalamu nyekundu: "Panua", "Iboreshwe", na chini kabisa "Tuonane". Alikuwa ameisubiri miezi minne. Aliipanua, akaongeza kurasa 11, na sura ikawa mbaya zaidi, kwa sababu shida yake haikuwa ufupi. Alikuwa ameorodhesha vitabu kimoja baada ya kingine bila kuvihoji, na hakuna aliyemwambia kwamba mapitio ya maandiko ni mjadala ambao mwandishi naye anashiriki. Tulipokaa saa moja juu ya kurasa nne tu, tukiuliza kila aya inabishana na nani, alikwenda akaiandika upya kwa wiki tatu.

Wala msimamizi wa namna hiyo si mtu mbaya. Ana darasa la mwaka wa kwanza lenye mamia ya wanafunzi, ana mafungu ya karatasi za mtihani, ana vikao, na ana kazi za ushauri elekezi zinazomlipia karo za watoto. Aghalabu yeye mwenyewe hajawahi kufundishwa kusimamia. Alisimamiwa vibaya akamaliza kwa ukaidi wake, akadhani ndivyo inavyokuwa.

Juu ya hayo kuna heshima. Kwetu mdogo hamdai mkubwa. Mwanafunzi anaandika ujumbe: "Shikamoo Profesa, samahani kwa usumbufu, naomba kujua kama umepata nafasi ya kuipitia sura yangu." Anausoma mara tatu, anaona kama anamkosea adabu, anaufuta. Wiki nyingine inapita. Profesa naye, akiona kimya, anadhani kijana ameacha. Nimeshuhudia miezi minane ikipotea hivyo kati ya watu wawili wenye nia njema. Dawa yake ni karatasi ya makubaliano inayosainiwa siku ya kwanza: sura ikipokelewa, itarudi ndani ya wiki tatu, isiporudi, mratibu wa masomo ya juu ndiye atakayekumbusha. Ukumbusho ukiwa kazi ya ofisi, adabu ya mwanafunzi haiguswi.

Pale msimamizi asipopatikana, mwanya hujazwa na wengine. Pita kwenye steshenari zinazozunguka vyuo vyetu vikuu. Zamani zilichapa na kujalidi. Siku hizi ubaoni utakuta pia kuchakata data, kupunguza asilimia ya mfanano, hata kuandikiwa pendekezo la utafiti. Wapo wanafunzi wanaokwenda pale kwa hila. Wengi ninaowafahamu huenda kwa sababu kijana wa steshenari ndiye mtu pekee aliyekubali kukaa nao mbele ya kompyuta na kuwaonyesha jedwali la takwimu linasomwaje. Adhabu ya udanganyifu iwepo, na iwe kali. Lakini chuo kinachotoza ada ya usimamizi kisha kuiachia steshenari kazi ya kufundisha kina la kujibu.

Upweke huu una athari kwa afya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu wanafunzi 3,659 wa uzamivu wa Flanders, Ubelgiji, ulikuta kwamba takriban mmoja kati ya watatu alikuwa katika hatari ya kupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Namna ya uongozi wa msimamizi na mvutano kati ya kazi na familia vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na hali hiyo. Kwetu mwanafunzi wa uzamivu anaitwa "Daktari mtarajiwa" kwenye harusi na misiba, na jina hilo linamzidishia aibu kila mwaka unaoongezeka.

Mifano ya kufanya vinginevyo tunayo hapa hapa. Muungano wa wanauchumi wenye makao yake Nairobi, AERC, ulianzisha programu ya pamoja ya uzamili mwaka 1993 na ya uzamivu mwaka 2002, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa miongoni mwa vyuo vinavyotoa shahada hiyo. Wanafunzi wa nchi mbalimbali hukutanishwa Nairobi kwa masomo ya hiari, na hutetea kazi zao mbele ya watafiti wasiowafahamu. Makerere, katika MISR, taasisi yake ya utafiti wa jamii, Mamdani alianzisha mwaka 2012 uzamivu wa miaka mitano unaoanza na miaka miwili ya darasani, ili watu wasome na kubishana pamoja kabla ya kila mmoja kushika njia yake. CARTA, ushirika ulioanzishwa mwaka 2008 na kuhusisha Makerere, Moi na Nairobi, huwakusanya wanafunzi wake katika semina nne: ya kupanga utafiti, ya mbinu, ya uandishi, na ya maisha baada ya shahada. Kote huko mwanafunzi ana rika lake. Akikwama, kuna anayejua.

Nisieleweke kwamba nataka kasi tu. Juni 2019 chuo kikuu cha JKUAT nchini Kenya kilitunuku shahada za uzamivu 118 katika mahafali moja. Mjadala ukawa mkali, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaingia kuchunguza. Moja ya maswali makubwa lilikuwa msimamizi mmoja aliweza vipi kusoma kazi za watu wengi kiasi kile. Kuchelewesha na kuharakisha, vyote viwili hutokea pale ambapo hakuna anayehesabu saa za usimamizi.

Tanzania sasa ina mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, na sehemu yake inasomesha wahadhiri uzamili na uzamivu. Ni jambo jema. Ila wahadhiri hao nao watakuwa wanafunzi wa tasnifu, wakisubiri sura zirudi. Majengo mapya ya mradi hayatawasaidia kwa hilo. Semina ya idara kila baada ya wiki mbili, ambapo kila mmoja anawasomea wenzake kurasa kumi alizoandika, haihitaji mkopo.

Na kwa anayejiandaa kuomba nafasi mwaka huu: kabla hujampenda profesa kwa sababu ya jina lake, nenda idarani ukaulize ana wanafunzi wangapi hivi sasa, na wa mwisho kumaliza kwake alimaliza lini. Kisha mtafute huyo aliyemaliza, umuulize sura zake zilikuwa zinarudi baada ya muda gani.