Arosto, methadoni na mkondo usiokatika

Dada mmoja, msomaji wetu wa Kindu, jimboni Maniema, ametuandikia kuhusu mdogo wake. Kijana alitoka nyumbani kutafuta maisha: reli hadi Kalemie, meli hadi Kigoma, kisha treni tena mpaka Dar es Salaam. Huko akaingia kwenye unga, yaani heroini. Sasa anatibiwa kliniki. Kila siku anakwenda hospitali, anapewa dawa ya maji, methadoni, anainywa mbele ya mfamasia, siku nyingine anakaa na mshauri, halafu anaelekea kazini. Nyumbani, ndugu wamefanya kikao. Wengine wanasema hajapona, amebadilishiwa ulevi tu, na wanataka aletwe Kindu, mbali na vijiwe na wauzaji, akae kwa wazazi mpaka sumu yote imtoke. Dada huyu anauliza: je, wana haki?

Hapana, na sababu iko ndani ya seli za ubongo. Naomba nafasi ya kuieleza vizuri, kwa kuwa aliyeielewa hawezi tena kumwambia mraibu "jikaze tu".

Historia ya heroini haitatuchelewesha. Ni mofini iliyofanyiwa kazi na wanakemia. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuiuza mwaka 1898, ikiinadi kuwa dawa ya kikohozi. Ikiingia mwilini huufikia ubongo upesi, na ndani ya dakika chache hugeuka kuwa mofini tena. Huko inakutana na vipokezi, yaani protini zilizojipanga juu ya uso wa seli za neva zikisubiri ujumbe. Candace Pert na Solomon Snyder wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walivithibitisha mwaka 1973. Miaka miwili baadaye John Hughes na Hans Kosterlitz, wakiwa Aberdeen, Uskochi, waligundua kemikali ambazo mwili hujitengenezea kwa ajili ya vipokezi hivyohivyo. Kwa hiyo unga haukufungua njia mpya ubongoni. Ulivamia njia iliyokuwapo, ile ambayo mwili huitumia kutuliza maumivu yake wenyewe.

Sasa tushuke mahali ninapopapenda kuliko pote katika habari hii. Chini ya ubongo, karibu na pale uti wa mgongo unapoanzia, kuna kishada kidogo cha seli chenye rangi ya samawati iliyofifia. Wanaanatomia wa zamani walikiita kwa Kilatini "mahali pa buluu", nami nitakiita doa la buluu. Seli zake humwaga noradrenalini sehemu nyingi za ubongo. Ndizo zinazokuamsha ukisikia kishindo usiku, zinazoupeleka moyo mbio na kukutoa jasho. Nazo zimejaa vipokezi vya mofini. Mofini ikivishika, kiwanda kimoja ndani ya seli hupunguza kazi. Kiwanda hicho ni kimeng'enya kinachotengeneza kemikali ya kuichangamsha seli. Kikilegea, seli hupoa, na mwenye mwili husikia utulivu ambao hajawahi kuusikia.

Lakini seli haikubali kupoozwa siku baada ya siku. Mwaka 1975 Shail Sharma, Werner Klee na Marshall Nirenberg waliziweka seli za neva kwenye mofini muda mrefu maabarani, wakaona jambo la ajabu: seli ziliongeza nguvu ya kile kimeng'enya kilichokuwa kikizuiwa, mpaka zikarudi karibu na kasi yao ya kawaida huku mofini ikiwa bado ipo. Mofini ilipoondolewa, kemikali ile ilifurika kupita kiwango cha mwanzo. Baadaye George Aghajanian wa Chuo Kikuu cha Yale akasikiliza umeme wa doa la buluu katika panya waliozoeshwa mofini. Kizuizi kilipoondolewa ghafla, seli zililipuka kwa kasi.

Watu wa Kindu wataliona jambo hili wakiutazama mto wao. Mtumbwi unaovuka Lualaba kutoka Alunguli kwenda Kasuku hauelekezwi moja kwa moja ng'ambo. Mkondo unausukuma kuelekea Kisangani, basi wapiga makasia wanaugeuza uso wake upande wa Kasongo, mto unakotokea, na kuvuta kwa nguvu. Mkondo ukizidi, wanaongezwa watu. Aliyesimama ukingoni anaona mtumbwi unaokwenda sawa kabisa, wala hajui ni nguvu mbili zinazopambana. Heroini ndiyo mkondo, na makasia ni kile kimeng'enya. Mtumiaji anaongeza kete, yaani dozi za unga, kwa sababu seli zimeongeza makasia, na seli zinaongeza makasia kwa sababu kete zimezidi. Sasa mkondo na ukatike mara moja, huku watu kumi bado wanavuta kwa nguvu zao zote. Mtumbwi unaruka upande wa Kasongo, unapinda, unaingiza maji.

Hiyo ndiyo arosto. Wanaoijua hawahitaji kuelezwa: miayo isiyokoma, machozi na kamasi, mboni zilizopanuka, vinyweleo vimesimama, tumbo la kuhara, mifupa inayouma, usiku bila usingizi. Ukiitazama orodha hii kwa utulivu utaona mpango wake. Heroini hubana mboni, arosto huzipanua. Heroini hufunga choo, arosto hukifungulia. Kila kilichokuwa kimezimwa kinawaka kupita kiasi. Huanza saa nane hadi 24 baada ya kete ya mwisho na kuwa kali zaidi siku ya pili au ya tatu. Asubuhi ya mraibu haina starehe yoyote ndani yake. Anatafuta mkondo ili mtumbwi usipinduke.

Hapa ndipo methadoni inapoingia, dawa inayoshika vipokezi vilevile, na uzuri wake wote umo katika mwendo wake wa polepole. Vitabu vya fizikia husema "nusu maisha" kwa muda ambao kitu kinapungua kufikia nusu. Sipendi neno hilo kwa dawa, maana dawa haina maisha. Napendekeza mudanusu: muda ambao nusu ya dawa iliyomo mwilini huwa imeondoka. Ni neno fupi ambalo muuguzi anaweza kulisema dirishani na mgonjwa akaelewa. Mudanusu wa mofini ni saa mbili hadi tatu. Wa methadoni, kwa watu wengi, ni takriban siku nzima. Basi anayejidunga heroini huona mkondo ukija kwa ghadhabu na kukauka mara tatu au nne kwa siku, na kila ukikauka makasia yanamtupa. Anayekunywa methadoni mara moja kwa siku, baada ya takriban siku tano dawa hujilimbikiza mpaka mkondo unatiririka sawasawa mchana na usiku. Wapiga makasia wanavuta, mkondo unasukuma, mtumbwi unakwenda ng'ambo. Na kwa kuwa vipokezi vimeshikwa na mwili umezoea, hata akijaribu kete haimpi tena kile alichokifuata.

Ndiyo maana kauli ya "amebadilishiwa ulevi" haisimami. Ulevi unaletwa na kile kishindo cha kupanda na kushuka, na methadoni katika kipimo kilichotulia haina kishindo. Vincent Dole, Marie Nyswander na Mary Jeanne Kreek waliliona hili katika Taasisi ya Rockefeller, New York, mwaka 1964. Wagonjwa waliokuwa wakipewa mofini walishinda wamekaa tu, wakisubiri sindano inayofuata. Walipohamishiwa methadoni, mmoja alianza kuchora picha na mwingine akaomba arudi shule. Mwaka uliofuata Dole na Nyswander walichapisha taarifa ya wagonjwa 22, na matibabu haya yakaanza kuenea duniani. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliingiza methadoni na buprenofini, ndugu yake, katika orodha ya dawa muhimu.

Mkondo ukishatulia, ndipo ushauri nasaha unapopata mtu wa kuzungumza naye. Arosto ya unga huisha ndani ya siku saba hadi kumi, lakini kumbukumbu ya unga haiishi. Noti ya mshahara mkononi, kona ya mtaa, rafiki wa zamani anayepiga simu: kila kimoja kinaamsha hamu. Mshauri na mgonjwa huzitaja hatari hizi moja moja na kupanga mapema nini kifanyike: mshahara apokee nani, njia ipi ya kurudi nyumbani, nani apigiwe simu usiku. Kazi hiyo haifanyiki na mtu anayetetemeka. Mgonjwa hulala kwake, hufanya kazi yake na kujifunza kuacha palepale ambapo kishawishi kinaishi.

Afrika Mashariki ina uzoefu wake wa matibabu haya. Mauritius ilianza mwaka 2006. Tanzania ilifuata Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, kisha Mwananyamala na Temeke, na baadaye mikoani. Kenya ilifungua Mathari, Nairobi, Desemba 2014, na Malindi mwaka 2015. Zanzibar ilianza mwaka huohuo katika hospitali ya Kidongo Chekundu, na Uganda ikaingia mwaka 2020 huko Butabika. Uchambuzi uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali, uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2017, ulionyesha kwamba vifo miongoni mwa walio ndani ya matibabu ya methadoni ni karibu theluthi moja ya vifo vya walio nje yake.

Tahadhari zipo. Wiki za kwanza kipimo hupandishwa polepole, kwani dawa inajilimbikiza. Pombe na vidonge vya usingizi havichanganywi nayo. Rifampisini ya kifua kikuu huiondoa mwilini haraka, hivyo mgonjwa wa TB akianza kuhisi arosto amwambie daktari siku hiyohiyo.

Narudi kwa dada wa Kindu. Kumng'oa mdogo wako kliniki na kumleta nyumbani ni kuukata mkondo kwa siku moja. Atateseka wiki kadhaa, maana arosto ya methadoni huchelewa kuanza na huchelewa kwisha. Kisha makasia yatapungua, mwili utasahau mazoea yake, na ninyi mtaona amepona. Hatari kubwa inaanzia hapo. Siku atakaporudi mjini na kutumia kete ya ukubwa ule wa zamani, mwili usio na mazoea unaweza kuacha kupumua. Wengi wamekufa hivyo baada ya kutoka gerezani au kwenye nyumba za kufungiwa. Kama siku moja atataka kuacha methadoni, iwe ni kwa mpango wake na daktari wake, kipimo kikishuka kidogo kidogo kwa miezi, ili wapiga makasia washuke mmoja mmoja.

Kwa hiyo kikao kiitwe tena. Waambieni wazee kwamba kijana yuko kwenye dawa kama aliye na kisukari alivyo kwenye dawa. Mpigieni simu, msimulieni habari za nyumbani, na mumuulize jambo moja tu kuhusu kliniki: leo umekwenda?