Phil Ivey, bingwa wa poka aliyenyimwa milioni 7.7 na kazino

BUKAVU – Vijana wanaosimama mbele ya vibanda vya pari foot huko Kadutu na Nyawera, tiketi mkononi, wanawajua wachezaji wa Real Madrid na Arsenal kuliko mabingwa wa karata. Lakini maisha ya Mmarekani mweusi Phil Ivey yanawahusu, hasa katika mji huu ambako benki zilifungwa tangu waasi wa M23 walipoingia Februari 2025 na kila noti ya franka inahesabiwa mara mbili.

Ivey alizaliwa California na kukulia Roselle, mji mdogo wa New Jersey. Babu yake ndiye aliyemfundisha karata akiwa mtoto wa miaka minane. Alipofikia ujana alikuwa tayari anakwenda kwenye kazino za Atlantic City, ingawa sheria ilitaka mtu awe na miaka 21. Alitumia kitambulisho cha uongo chenye jina Jerome. Kwa kuwa hakuacha kukaa mezani usiku na mchana, wenzake walimbatiza "Jerome asiye na nyumba". Alipotimiza miaka 21 ndipo walipojua jina lake la kweli.

Mwaka 2000 huko Las Vegas alishinda bangili yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya poka, akimwangusha mezani mzee maarufu Amarillo Slim. Mwaka 2002 akachukua nyingine tatu. Februari 2006 alicheza siku tatu dhidi ya mwenye benki wa Texas, Andy Beal, akamvua zaidi ya dola milioni 16. Kufikia 2014 alikuwa na bangili 10.

Kwa nini mtu aweze kuishi kwa poka miaka yote hiyo, wakati mcheza pari anamaliza mwezi mikono mitupu? Kwenye poka, pesa unayoshinda inatoka kwa mchezaji mwenzako. Kazino inakata ushuru wake tu kwa kutoa meza. Anayejua kusoma wenzake na kukadiria karata zilizobaki, baada ya michezo elfu kadhaa anakuwa mbele yao. Kwenye pari unacheza na kampuni yenyewe, na ndiyo inayopanga bei.

Chukua dau lenye pande mbili zenye nafasi sawa. Bei ya haki ingekuwa 2.00, lakini tuseme kampuni inaandika 1.85. Ukiweka franka 1,000 mara kumi na kushinda mara tano, umetoa 10,000 na kurudishiwa 9,250. Ukiunganisha mechi tano za namna hiyo kwenye tiketi moja, kama wengi wanavyopenda, wastani wa kinachorudi kwa kila franka 1,000 ni kama 677 tu. Mechi zikiongezeka kwenye tiketi, sehemu ya kampuni inaongezeka pia, hata kama karatasi inaahidi mamilioni.

Ivey aliielewa hesabu hiyo, ingawa yeye mwenyewe alijulikana kwa kupenda dadu. Agosti 2012 alijaribu kuigeuza. Aliingia Crockfords, kazino ya London, pamoja na mwanamke aitwaye Cheung Yin Sun, kucheza punto banco, mchezo wa karata ambao mteja anashindana na kazino. Walikuwa wamegundua kwamba michoro ya mgongoni mwa karata haikukatwa sawasawa pande zote. Sun alimwomba mgawa karata azigeuze karata nzuri, yaani 7, 8 na 9, akisema ni imani yake ya bahati. Mashine ya kuchanganya karata haikuzigeuza tena. Basi karata ya kwanza ikichungulia tu, wao walijua kama ni nzuri au mbaya.

Walishinda pauni milioni 7.7. Kazino ilimrudishia Ivey dau lake la milioni moja, faida ikakataa kuilipa. Akaishtaki. Alisema hakuficha kadi mkononi wala hakugusa chochote. Alitumia macho tu. Jaji wa kwanza alikubali kwamba Ivey aliamini kwa moyo wake kuwa hakudanganya, lakini akampa kazino haki. Tarehe 25 Oktoba 2017, Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Uingereza ilimaliza ubishi: uaminifu unapimwa kwa vipimo vya watu wa kawaida, si kwa anavyojiona mshtakiwa. Uamuzi huo uliweka kando kipimo cha tangu 1982, na leo wanasheria huko wanautumia hata kwenye kesi za wizi zisizo na karata hata moja.

Mtu anaweza kuuliza: kama Ivey angepoteza usiku ule, kazino ingemrudishia pesa? Swali hilo ni zito. Hata hivyo, kumfanya mgawa karata azipange bila kujua anachofanya kuna tofauti na kuwa na macho makali.

Huko Atlantic City alikuwa ametumia mbinu hiyohiyo mwaka 2012 na kushinda dola milioni 9.6 kwenye kazino ya Borgata. Ile ilikuwa imelipa, ikamfuata mahakamani. Desemba 2016 jaji aliamuru irudishiwe dola milioni 10.1. Mwaka 2019 Ivey aliposhinda dola 124,410 Las Vegas, pesa hizo zilikamatwa kwa ajili ya deni. Pande mbili zilipatana mwaka 2020.

Mwaka 2024, akiwa na miaka 47, alirudi kwenye mashindano ya dunia na kuchukua bangili ya 11 pamoja na dola 347,440. Ilikuwa poka, na waliokaa mbele yake walikuwa wachezaji wenzake.