Datsun 240Z, motokari ya mbio iliyoshinda matope ya Safari mara mbili

LIKASI – Katika garaji za Likasi, mji wa shaba na wa karakana za Gécamines za Panda, motokari haisifiwi kwa mbio peke yake. Swali la kwanza ni hili: itafika? Swali hilo ndilo lililoamua pia mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, ambako Datsun 240Z ya Japani ilijipatia jina.

Safari ilianza mwaka wa 1953. Ilifanyika wakati wa Pasaka, msimu wa mvua. Katika miaka ya 1970 njia yake ilipita kilometa 5,000, sawa na kutoka Likasi hadi Lubumbashi na kurudi zaidi ya mara 20, kwa siku chache tu. Kila motokari ilipewa saa ya kufika kwenye kila kituo, na aliyechelewa aliandikiwa adhabu. Mwaka wa 1963, motokari 84 zilianza, 7 tu zikamaliza. Mwaka wa 1968 zilianza 93, zikamaliza tena 7. Miaka yote miwili ilishinda Peugeot 404, motokari ambayo wazee wa Katanga wanaifahamu vizuri.

Mwaka wa 1970 ushindi ulikwenda kwa Datsun 1600 SSS ya Edgar Herrmann, Mjerumani aliyeishi Kenya, na mwenzake Hans Schüller. Mwaka uliofuata, wawili hao walipewa 240Z: milango miwili, injini ya silinda sita ya lita 2.4, rangi nyekundu na boneti nyeusi. Ilikuwa motokari ya mbio, na wanunuzi wake wengi walikuwa Marekani, kwenye barabara za lami. Herrmann alishinda tena. Wa pili alifika na 240Z vilevile: Shekhar Mehta, kijana wa Uganda mwenye asili ya Kihindi.

Mwaka wa 1972 mambo yaligeuka. Hannu Mikkola wa Finland alishinda na Ford Escort, Herrmann akawa wa tano. Kwa Mehta, pigo kubwa lilikuja mwezi wa Agosti: Idi Amin aliamuru Waasia waondoke Uganda kwa siku 90. Familia yake, iliyokuwa na mashamba makubwa, ilikimbilia Kenya.

Pasaka ya 1973, Mehta alirudi barabarani na 240Z, akiwa na Lofty Drews. Mwaka huo Safari ilihesabiwa kwa mara ya kwanza katika ubingwa wa dunia wa rally. Mwishoni, adhabu zake zililingana kabisa na za Harry Källström wa Sweden, aliyeendesha Datsun nyingine. Ilibidi kanuni ya kutenganisha waliolingana itumike, na ushindi ukawa wa Mehta.

Mtu aliyefukuzwa kwao miezi michache mbele alikuwa sasa bingwa wa Safari. Alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, zote na Datsun. Alifariki London mwaka wa 2006.

Motokari ya Herrmann ya 1971 haikutupwa. Nissan inaitunza katika jumba lake la Zama, Japani. Mwaka wa 2013 wafanyakazi wa kampuni hiyo waliifungua, wakaitengeneza upya, na ikatembea tena.