Ukimtuma mtoto buchani, mfundishe kusoma mizani
Maganzo, wilayani Kishapu, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, mtoto anayetumwa nyama anaweza kupunjwa hata na muuzaji mwaminifu. Kosa huwa kwenye vifaa. Mshale wa mizani ukianzia gramu 50 badala ya sifuri, nusu kilo hupungua sehemu ya kumi. Mzazi, mfundishe mwanao kutazama sifuri kabla nyama haijawekwa, na stika ya Wakala wa Vipimo.

Mashine ya kusagia nayo, kisu kikifungwa kinyume, huponda nyama badala ya kuikata. Upande bapa uelekee sahani ya matundu. Friji ikibanwa ukutani, joto halitoki, nyama huharibika mapema. Ikinuka, mtoto aikatae, arudi na hela.