Usitupe vipande vya krayo: kazi ine za kufanya na watoto mu lupango



Msimu uliopita niliharibu kazi yangu mwenyewe, na aliyenionyesha kosa ni mtoto wa miaka saba. Hapa kwetu Kasungami niko na kashamba kadogo nyuma ya nyumba. Nilipanda mistari sita ya mahindi, mbegu za namna tatu, ili nione ile inayofaa udongo wetu. Nikaandika majina na Bic ku vipande vya kartoni, nikavifunga ku vijiti, nikajiona nimefanya kama vile walitufundisha ku inivasite. Mu mwezi wa 12 mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Ilipoacha, kartoni zilikuwa laini kama bukari na maandishi yote yamekwenda.

Shida ni kwamba mama mmoja jirani alikuwa amenisaidia na makuta ya mbegu. Alitaka kujua ni ipi apande mu shamba lake. Siku ya kuvuna akakuja: "Papa Injenieri, njo mbegu gani ile iko muzuri?" Mahindi mazuri yalikuwa pale mbele yetu, lakini jina lake sikulijua. Nilisikia haya sana.

Mwipwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa anasikiliza. Akaenda kuchukua kipande cha mbao kilichobaki inje tangu mbele ya Noeli. Alikuwa amechora nyumba na jua ku ile mbao, na krayo za rangi. Mvua ile ile ilikipiga. Jua lilikuwa bado manjano, nyumba bado nyekundu. "Tonton, yangu haikufutika," akaniambia.

Kuanzia siku ile nilianza kuokota vipande vya krayo ambavyo watu wanatupaka. Leo nataka kuwaonyesha kazi ine tulizofanya na watoto wa avenue wakati wa vakansi, na sababu ya kila moja.

Krayo ya nta ni kitu gani?

Hapa sisemi krayo ya kuandikia masomoni, ile ya mbao. Nasema ile nene ya watoto, iliyovikwa karatasi. Ndani yake muko vitu viwili vikubwa: parafini na unga wa rangi. Parafini ni nta inayotoka mu petroli, ndiyo ile ile ya mshumaa tunaowasha umeme ukikatika. Kule Marekani, kampuni ya Binney & Smith ilianza kuuza krayo za Crayola mwaka 1903, boksi ya rangi 8 kwa senti 5. Tangu pale rangi zimeongezeka sana, lakini msingi ni ule ule.

Nta na maji havipatani. Kama umekwisha kuosha sahani ya samaki bila sabuni, unajua: maji yanateleza juu ya mafuta, hayaingii. Wino wa Bic yangu ulitoka na maji, na kartoni yenyewe ilikunywa mvua. Nta ya mwipwa wangu ilikataa. Ukishika jambo hilo moja, kazi hizi zote zitakuwa rahisi.

Kazi ya 1: kuchapa majani

Unahitaji majani mabichi, karatasi nyembamba, na krayo iliyovuliwa karatasi yake. Weka jani ku meza, upande wa mishipa uangalie juu. Funika na karatasi. Laza krayo kwa ubavu, usiishike kama kalamu, kisha pitisha polepole bila kukandamiza sana. Jani litajionyesha lenyewe, na mishipa yake yote.

Hapo njo agronomia inaanza. Tuliweka jani la hindi pembeni ya jani la mwembe. Niliwauliza watoto: tofauti iko wapi? Wakaona haraka kwamba mishipa ya hindi inatembea sambamba kama reli, na ya mwembe inatoka katikati na kugawanyika kama barabara za muji. Hiyo ni tofauti ya makundi makubwa mawili ya mimea yenye maua, na mtoto wa miaka saba ameishika bila neno moja la Kilatini.

Chini ya kila jani tuliandika jina. Hapo nilishangaa. Watoto wanajua masuku kwa sababu yanauzwaka barabarani wakati wa mvua, lakini mti wa musuku wenyewe hawakuujua. Wanajua mufuko wa makala, lakini hawajui makala yalitoka ku mti gani. Pori letu la miombo linakatwa kila siku kwa ajili ya mbabula zetu, na kizazi kinachokuja hakitajua hata majina ya miti iliyokwisha. Tulimwita nyanya mmoja wa avenue, akatupa majina ya Kibemba. Karatasi zile nimezihifadhi.

Kazi ya 2: picha iliyofichwa

Chora ku karatasi nyeupe na kipande cha mshumaa mweupe. Hakuna kinachoonekana. Kisha pakaza chai nyeusi iliyokolea, ao maji ya udongo mwekundu. Mahali pa nta patabaki peupe, na picha itatokea. Watoto walipiga kelele mpaka majirani wakakuja kuangalia.

Wamama wetu wanavaa sayansi hii kila siku. Kwa nini kikwembe kizuri kinaitwaka wax? Ni neno la Kiingereza lenye maana ya nta. Mu kazi hiyo kitambaa kinapakwa nta ao utomvu mahali ambapo rangi haipaswi kuingia, kisha kinatiwa mu rangi. Ni picha yetu iliyofichwa, ila imefanywa ku kiwanda.

Na kama hauna brashi, tumia vidole. Mu mwaka wa 1946, hapa Lubumbashi, wakati muji ulikuwa unaitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua atelie iliyojulikana kwa jina la Le Hangar. Kati ya wachoraji waliotokea pale muko Pilipili, Mwenze na Bela. Bela alijulikana kwa kuchora na ncha za vidole vyake, nukta kwa nukta. Kwa hiyo mtoto asikuambie kwamba hawezi kwa sababu hana brashi.

Neno moja kuhusu udongo, na hili nalisema kama mtu wa udongo. Wekundu wake unatoka ku chuma kilichochanganyika na oksijeni, hauna shida. Lakini tuko Katanga. Usichukue udongo karibu na mugodi, karibu na kiwanda cha kuyeyusha mawe, wala ku mto unaopokea maji ya kiwanda. Unaweza kuwa na risasi, kobalti na shaba nyingi, na watoto wanatiaka vidole mu kinywa. Vumbi la kijani linalong'aa ni zuri kwa macho, lakini lisiguswe. Kuna hata ua dogo la zambarau, Haumaniastrum katangense, linaloitwa ua la shaba kwa sababu linaota pale shaba iko nyingi. Ukiliona, tafuta udongo mahali pengine. Sisi tulitumia udongo wa kichuguu cha mu lupango, mbali na hayo yote, na kisha kazi kila mtoto alinawa mikono na sabuni.

Kazi ya 3: kufufua vipande

Krayo ikivunjika watu wanaitupa. Sisi tuliyeyusha. Hii ni kazi ya mtu mkubwa, watoto wanaangalia tu kutoka mbali.

Usiweke nta moja kwa moja ku moto wa mbabula. Ikipata joto kupita kiasi inaweza kuwaka, na ukiitilia maji moto unaruka. Fanya hivi: tia maji mu sufuria ya zamani, weka ndani yake kopo la sardini lenye vipande vya rangi moja. Maji hayapiti joto la kuchemka, ambalo hapa Lubumbashi, kwa sababu tuko karibu metre 1.200 juu ya bahari, ni kama digri 96. Nta inayeyuka mbele ya pale, karibu na digri 60, kwa hiyo hauna haraka.

Kwa kuipa umbo, zungusha karatasi ku Bic mara tatu, ifunge na uzi, kisha toa Bic. Umepata bomba. Simamisha bomba mu udongo laini wa kichuguu, ule wanaofanyia matofali, ili chini pazibe. Mwaga nta polepole, acha ipoe saa nzima, kisha vua karatasi. Mara ya kwanza nilivua kisha dakika kumi, ikavunjika mu mikono. Subira.

Rangi nyeusi ikikosekana, twanga makala mpaka unga laini, chuja na kitambaa, changanya kijiko kimoja na vijiko viwili vya mshumaa ulioyeyuka. Haiandiki vizuri kama ya kiwanda, lakini inaandika.

Kazi ya 4: vibao vya shamba

Hii njo kazi yangu mwenyewe. Chukua vipande vya mbao kavu, vya kasha la zamani. Andika jina la mbegu na tarehe na krayo nyeusi, ukikandamiza. Kisha pitisha mshumaa juu ya maandishi yote. Chomeka kibao kikiinama kidogo ili maji yateremke. Krayo ya kawaida ya masomoni nayo haitoki na maji, ila ku mbao iliyolowa ni kazi kuisoma. Usitumie kipande cha bati: jua linakipasha na nta inalainika.

Wenzangu wengine walinicheka. "Ulisoma miaka yote ile, sasa unacheza na krayo za batoto?" Ninawaelewa. Wengi wetu tunangoja kazi, na mtu akikuona umekaa chini na watoto anafikiri umekata tamaa. Lakini mimi na diploma yangu niliandika majina na Bic ku kartoni, mu kipindi cha mvua. Mtoto njo aliyenisahihisha. Kujua jambo na kulitumia ni vitu viwili, na vakansi ile ilinisaidia kuviunganisha.

Sasa tuko mwezi wa 2. Mvua imenyesha sana, na vibao sita bado vinasimama ku mistari yangu. Vitatu mwipwa wangu aliviandika mwenyewe, herufi kubwa, moja imegeuka nyuma. Juzi mama jirani alipita. Hakuniuliza kitu. Aliinama, akasoma kibao kimoja, akaangalia mahindi, akaenda ku kingine. Bado hatujavuna, kwa hiyo jibu lake sijalipata. Lakini safari hii, siku nitakapolipata, litakuwa na jina.